Kabla ya Kuilaumu Kabureta: Niliyojifunza Kuhusu Taimingi ya Pikipiki za Zamani

Katika kazi yangu ya kutengeneza pikipiki za zamani hapa Mombasa, hitilafu iliyonifundisha mengi kuliko zote ni ile ya cheche isiyobadilisha wakati wake inavyopasa. Betri iliyokufa haijifichi, na bushi iliyolika husikika kwa masikio. Lakini taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, iliyo sawa injini ikiwa haina resi, kisha ikakosea resi inapopanda, au ile inayopanda vizuri kisha ikakataa kurudi, hutoa dalili ambazo karibu kila mtu huziona kuwa ni za mafuta. Mwenye pikipiki huja akiwa ameshanunua jeti mpya (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta), gaskiti mpya na pengine kabureta nzima, na injini bado inafanya vile vile. Ninaandika haya kwa ajili ya fundi kijana, na kwa ajili ya yeyote aliyerithi pikipiki ya baba au babu yake, kwa sababu hitilafu hii hutambulika kwa vifaa vichache sana, mradi mtu aichunguze kwa utaratibu.

Cheche haisubiri pistoni ifike juu kabisa ndipo iruke. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi ukasambaa, na kazi hiyo huchukua milisekunde chache. Tunachotaka ni kwamba msukumo wa gesi ufikie upeo wake pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, kiasi cha nyuzi kumi na kitu baada ya kilele, ili nguvu iende kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Sasa injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, krenki hugeuka nyuzi 6 katika kila milisekunde. Ikizunguka mara 6,000, hugeuka nyuzi 36 katika muda ule ule. Ndiyo maana cheche iliyoruka kwa wakati mzuri wakati wa kupiga kiki huwa imechelewa mno pikipiki inapokuwa barabarani, na ni lazima iwahishwe. Hata hivyo haiwahishwi bila kikomo, kwa kuwa mchafuko wa hewa ndani ya silinda huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, ukaufanya moto usambae upesi zaidi. Katika injini nyingi za zamani, kwa hiyo, cheche huanza kuwahishwa juu kidogo ya mzunguko wa sailensa (injini ikizunguka polepole resi ikiwa imefungwa), hufikia mwisho wake kwenye mizunguko 2,000 au 3,000 hivi, kisha hubaki hapo hapo hata ukifungua resi yote.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mkono wa mwendeshaji. BSA M20, pikipiki ambayo jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na wenzo mdogo kwenye hendeli: mwendeshaji aliichelewesha cheche kabla ya kupiga kiki ili kiki isimrudi mguuni, kisha akaiwahisha injini iliposhika. Wazee niliowakuta wakiwa bado na mashine za aina hiyo walikuwa na elimu ambayo sisi tuliozoea vifaa vinavyojiendesha tumeikosa. Waliijua kwa mkono tofauti kati ya injini yenye cheche iliyochelewa, ambayo huwa nzito na yenye joto, na ile yenye cheche iliyowahi kupita kiasi, ambayo hugonga inapopanda mlima. Fundi akipata nafasi ya kuiendesha pikipiki yenye wenzo huo, asiikose, kwa sababu katika safari moja atasikia dalili zote mbili kwa kusogeza kidole gumba tu.

Baadaye wenzo huo uliondolewa, na kazi yake ikapewa kifaa ambacho katika gereji yetu tunakiita advansa. Nitaieleza kwa mfano wa pikipiki ya Kiingereza, Triumph Bonneville T120, kwa kuwa ndiyo niliyoishughulikia zaidi, nayo ina kila jambo ninalotaka kulionyesha. Ni injini ya sentimita za ujazo 649, yenye silinda mbili ambazo pistoni zake hupanda na kushuka pamoja huku zikipokezana kuwaka. Kila silinda ina seti yake ya pointi, yaani swichi ndogo ambayo ikifunguka cheche huruka, na koili yake inayozalisha umeme wa cheche hiyo. Pointi hizo ziko nyuma ya kifuniko cha mviringo upande wa kulia wa injini, zikiendeshwa na kemshafti ya ekzosi (mhimili unaofungua valvu za ekzosi), na nyuma ya sahani yake ndipo advansa ilipo: vizito viwili vinavyocheza kwenye pini zake, springi mbili ndogo zinazovivuta ndani, na kemu inayozifungua pointi, ambayo hugeuzwa mbele kidogo vizito hivyo vinapotanuka kwa kasi. Kemshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa hiyo nyuzi 12 za advansa ni nyuzi 24 za krenki. Cheche ya kuwashia ikiwa nyuzi 14 kabla ya kilele, basi vizito vikitanuka hadi mwisho cheche itakuwa nyuzi 38, na hicho ndicho kipimo cha kiwanda kwa mashine hii. Hesabu hiyo ya mara mbili isisahaulike, kwa maana mlegeo wowote unaouona kwenye pointi, hata ukionekana mdogo kiasi gani, kwenye krenki ni mara mbili yake.

Mashine ninayoikumbuka zaidi ilikuwa T120 ya 1969, iliyotengenezwa Meriden karibu na Coventry, mali ya mzee mmoja aliyestaafu kazi katika bandari ya Kilindini. Ilikuwa imekaa miaka mingi kwenye banda lililo karibu na bahari kabla hajaamua kuirudisha barabarani. "Mwanangu, kabureta hizi zimenimaliza," aliniambia. "Kila fundi anazifungua, na kila fundi anazifunga." Nilimjibu, "Mzee, leo tusiziguse kabisa." Dalili aliyoieleza ilikuwa hii: asubuhi injini iliwaka na kutulia bila shida, lakini baada ya kwenda mwendo na kupata moto, kila alipofunga resi kwenye makutano ya barabara iliendelea kuzunguka kwa kasi kana kwamba resi imenasa. Akiachia klachi kidogo ili kuilemea, ilishuka ghafla ikakaribia kuzimika. Mara nyingine kiki ilimrudi kwa nguvu ya kutisha.

Dalili ya kwanza, ya injini kukataa kushuka, ndiyo inayowapeleka watu kwenye kabureta, na si kwa upumbavu. Hewa inayopenya kwenye maungio kati ya kabureta na silinda huleta dalili inayofanana nayo sana, kadhalika kebo ya resi iliyokatika nyuzi au slaidi (kipande cha ndani ya kabureta kinachovutwa na kebo hiyo) inayonasa. Kwa hiyo nilianza kwa kuyaondoa hayo. Nilihakikisha slaidi zote mbili zinagonga chini resi inapofungwa, kisha nikapaka grisi nzito kuzunguka maungio yote ya upande wa kuingizia hewa. Kama kuna ufa, grisi huuziba kwa muda na injini hubadilika sauti. Haikubadilika hata kidogo. Kilichonipa shaka zaidi kilikuwa kule kushuka kwa ghafla klachi inapolemea, kwa sababu injini inayovuta hewa haishuki kwa namna hiyo ya kukatika. Hushuka taratibu na kwa kuyumba.

Nikaiweka taa ya taimingi, ambayo humulika kila cheche inaporuka, ili alama inayozunguka ionekane kama imesimama. Hapa kuna mambo mawili ambayo ningependa kila anayeanza ayajue. Taa ipewe umeme wa betri nyingine, isiunganishwe na betri ya pikipiki yenyewe, maana mitetemo ya umeme wa koili huweza kuifanya taa imulike wakati usio wake, nawe ukapoteza saa nzima kutafuta kosa lisilokuwepo. Tena, pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka hiyo zimefungwa upande wa chanya kwenye bodi, si hasi, kwa hiyo mtu asiunganishe chochote kwa mazoea. Rota ya mashine hii, yaani sumaku ya kuzalisha umeme inayozunguka pamoja na krenki, ina alama ya nyuzi 38 tu, inayotazamana na mshale ulio ndani ya kifuniko kidogo cha upande wa klachi. Kwa kutumia diski ya nyuzi (sahani iliyochorwa nyuzi za mzunguko) nilipima pia mahali pa nyuzi 14 na kuweka mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kwa sababu alama moja haitoshi kuuona mwendo mzima.

Taimingi isiyo na hitilafu, ikitazamwa kwa taa, hujibu maswali manne: inaanzia wapi, inaondoka lini, inaishia wapi, na je, inarudi. Mafundi wengi hujibu la kwanza peke yake, kwa balbu na bisibisi, injini ikiwa imezimwa, kisha hufunga kifuniko. Bora kidogo ni yule anayejibu la tatu kwa taa. Mashine ya mzee yule ilikuwa sawa kwenye maswali hayo mawili, na ndiyo maana ilikuwa imepita mikononi mwa watu wenye ujuzi bila kugunduliwa. Ikiwa baridi, mstari mweupe ulisimama mbele ya mshale kama nilivyoutaka. Nilipofungua resi polepole, alama iliondoka karibu mara moja, ikawa imeshafika kwenye nyuzi 38 kabla injini haijafikia mizunguko 1,500. Kisha nikafunga resi. Injini ilishuka kidogo, alama ikabaki pale pale mwishoni, na ikaendelea kubaki. Nilipoilemea injini kwa klachi, alama iliruka nyuma kwa mkupuo mmoja, na mzunguko ukaanguka nao.

Nilifungua kifuniko cha pointi, nikaweka alama mahali sahani ilipokuwa, nikaitoa. Nyuma yake kulikuwa na unga mwekundu wa kutu umekwama kati ya vizito na bamba lake, na grisi ya zamani iliyogeuka kuwa kama nta ngumu chini ya kemu. Advansa isiyo na kasoro hutambulika kwa vidole: unaigeuza kemu kuelekea upande inakozungukia, inakupa upinzani tangu mwanzo, na ukiiachia inarudi yenyewe kwa mlio mdogo wa chuma kugota. Hii iligeuka karibu nusu ya safari yake bila upinzani wowote, kisha springi zikaanza kuvuta. Nilipoiachia, ilirudi hadi pale springi zilipolegea, ikasimama, ikanibidi kuimalizia kwa kidole. Kulabu za springi moja zilikuwa zimetanuka, na pini iliyoishika ilikuwa imelika mfereji unaoonekana kwa macho. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huvila vifaa hivi vidogo hata pikipiki ikiwa imelala, na wenye pikipiki hawaoni kwa sababu nje, chrome ya kifuniko huwa bado inang'aa.

Springi zilizolegea huifanya injini ijilishe yenyewe. Katika advansa isiyo na kasoro, vizito haviondoki kabisa wakati wa mzunguko wa sailensa, kwa kuwa springi zinavizidi nguvu. Springi zikilegea, mzunguko mdogo tu unatosha kuvitanua. Cheche ikiwahi, injini hupata nguvu zaidi kwa hewa ile ile, kwa hiyo huongeza kasi. Kasi ikiongezeka, vizito hutanuka zaidi. Mzunguko huo hujishikilia hapo juu mpaka kitu cha nje kiuvunje, na klachi ndiyo inayouvunja. Baada ya kuvunjika, injini hubaki na cheche ya nyuzi 14 na kabureta iliyofungwa mno, nayo huzimika. Kufungwa mno huko kulitokana na mafundi waliotangulia, ambao walikuwa wakipunguza skrubu za sailensa na kubadilisha mchanganyiko ili kuishusha injini iliyokuwa ikipandishwa na cheche. Ndiyo maana fundi anayetengeneza advansa asishangae pikipiki ikiwa mbaya zaidi dakika ya kwanza baada ya kuiwasha. Kabureta zilizopindishwa zifuate hitilafu hubaki zimepindika hitilafu inapoondoka, na ni lazima zirudishwe kwenye vipimo vya kiwanda.

Kuitengeneza hakukuwa kazi kubwa. Niliitoa advansa, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikasugua mhimili wa kemu hadi ukawa laini, nikaweka pini isiyolika na springi mbili mpya za aina moja, kisha tone la mafuta mepesi badala ya grisi. Nasisitiza springi mbili za aina moja. Nimeletewa mashine ambazo mtu alikata duru moja ya springi iliyolegea na kukunja kulabu mpya, naye akajiona amemaliza kazi. Springi iliyofupishwa huwa ngumu zaidi, cheche huchelewa kuondoka, na wakati mwingine haifiki mwisho wake hata kidogo. Kiki iliyokuwa ikimrudi mzee ilitokana na jambo hilo hilo la kemu kutorudi: alipozima injini ikiwa moto, kemu ilibaki mbele, na kiki iliyofuata ilipiga cheche wakati pistoni ingali mbali sana na kilele. Mtu anaweza kuvunjika kifundo cha mguu kwa namna hiyo, kwa hiyo nikisikia pikipiki inarudisha kiki siku nyingine na nyingine hairudishi, kemu ndiyo ninayoitazama kwanza.

Taa ya taimingi ina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kwamba hutenganisha aina tatu za kumisi (injini kukosa kuwaka mara kwa mara) ambazo masikioni hufanana. Taa ikikosa kumulika mara kwa mara wakati injini inamisi, basi cheche yenyewe haipo, na kosa litafutwe kwenye pointi, kondensa, koili au waya. Taa ikimulika bila kukosa lakini alama inatangatanga huku na huku, umeme hauna kosa. Kuna kitu kilicholegea, ama advansa, ama bushi, ama mnyororo. Na taa ikimulika bila kukosa na alama ikatulia kabisa, huku injini bado inamisi, hapo ndipo kabureta inapostahili kufunguliwa.

Kutangatanga kwa alama nimekuona zaidi kwenye Honda ndogo za miaka ya 1970, kama CB125S, ambazo pointi zake ziko kwenye kichwa cha silinda, mwishoni mwa kemshafti. Kemshafti hiyo huvutwa na mnyororo kutoka kwenye krenki, na mnyororo ukirefuka au ukilegea, cheche huchelewa na alama hucheza kushoto na kulia. Mtu anayeirekebisha taimingi bila kuukaza mnyororo kwanza anapima kitu kisichotulia. Honda hizo zina wema mmoja ambao Waingereza waliuchelewesha: rota yake ina alama F ya mwanzo na mistari miwili sambamba ya mwisho, kwa hiyo mwendo wote wa advansa huonekana bila kupaka rangi yoyote. Hitilafu yao ya kawaida ni kinyume cha ile ya mzee wa bandarini. Mafuta yanapovuja kwenye sili ya kemshafti na kuchanganyika na vumbi, au maji yanapoingia na kuleta kutu, kemu hugandamana na mhimili wake ikiwa imerudi nyuma. Pikipiki ya namna hiyo huwaka kwa kiki moja, hutulia vizuri, na mwenyewe huapa kwamba taimingi haina neno, kwa kuwa alama F inakaa mahali pake. Barabarani haina nguvu, inakunywa petroli, na bomba la ekzosi hugeuka bluu karibu na silinda, kwa sababu moto uliochelewa huwa bado unawaka valvu ya ekzosi inapofunguka. Joto la ekzosi humfanya mtu adhani mchanganyiko una mafuta machache, naye huweka jeti kubwa zaidi, na unywaji wa petroli huongezeka tena.

Nimesema tupime kwa alama, lakini alama zenyewe zihakikishwe. Rota za alternata za pikipiki za Kiingereza zimeundwa kwa sumaku zilizogandishwa kuzunguka kitovu cha chuma, na baada ya miaka mingi mgando huo huachia. Niliwahi kupokea BSA A65 ambayo mwenyewe alikuwa ameambiwa bearingi za koneksheni (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zimekwisha, kwa sababu ilikuwa ikigonga chini kwa sauti nzito injini ikiwa haina resi. Kwa kuwa kipimo cha A65 ni nyuzi 34 na taa ilikuwa ikionyesha 34 bila kosa, ilhali injini ilikuwa haina nguvu na ekzosi ilikuwa ya bluu, nilitilia shaka alama. Nilitoa plagi, nikafunga kizuizi cha pistoni kwenye tundu lake, nikaweka diski ya nyuzi mwishoni mwa krenki, nikaigeuza krenki mbele hadi ikagota na nyuma hadi ikagota. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo kilele halisi kilipo. Alama ya rota haikulingana nacho. Nilipoishika rota kwa mikono miwili, pete ya sumaku iligeuka juu ya kitovu chake, na sauti ile ile ya kugonga ikasikika. Koneksheni zilikuwa nzima. Tangu hapo sisomi alama ya rota yoyote ya zamani kabla ya kuijaribu kwa mkono na kuilinganisha na diski.

Jambo jingine linalopotosha ni advansa isiyo ya mashine hiyo. Zinafanana kwa umbo na huingiliana, lakini zina safari tofauti, yaani nyuzi ambazo kemu yake hugeuka tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiweka ya nyuzi 15 mahali pa ile ya nyuzi 12, umeongeza nyuzi 6 kwenye krenki. Na kama umeipima kwa nyuzi 14 za mwanzo injini ikiwa imezimwa, basi barabarani unakwenda na nyuzi 44, ambazo zinaweza kutoboa pistoni. Kwa sababu hiyo mwisho ndio ninaoupima siku zote, na mwanzo nauacha uangukie pale unapoangukia, isipokuwa ukiangukia mahali pa ajabu, ambapo nahesabu safari ya advansa yenyewe. Asiye na taa anaweza kuigeuza kemu hadi mwisho na kuibana hapo kwa wosha yenye tundu pana chini ya boliti ya katikati, kisha akapima injini ikiwa imezimwa kwenye nyuzi 38. Asisahau tu kuitoa wosha hiyo.

Pengo la pointi lipimwe kabla ya yote hayo, kwa kuwa pengo likiongezeka pointi hufunguka mapema na cheche huwahi, na likipungua cheche huchelewa. Kwenye Triumph ni milimita 0.35 hadi 0.40. Tangu modeli za 1968 kila seti ya pointi ina bamba lake linalosogezwa peke yake, kwa hiyo kila silinda inaweza kupewa taimingi yake bila kuisumbua nyingine. Za kabla ya hapo hazikuwa na nafasi hiyo, na silinda ya pili ilisawazishwa kwa kuchezea pengo, jambo ambalo sikulipenda kamwe. Kwa vyovyote vile, taa ihamishwe kwenye waya wa silinda ya pili. Kuna pikipiki nyingi zinazotetemeka kwa sababu silinda moja inawaka nyuzi kadhaa kabla ya mwenzake, na mwenyewe anahangaika kusawazisha kabureta mbili ambazo hazikuwahi kutofautiana.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusitupe pointi na kuweka mfumo wa elektroniki. Mimi siupingi, nimeufunga kwa wengi, nao huondoa springi, vizito na bushi kwa pamoja. Lakini hauondoi haja ya kupima mwisho kwa taa, na una masharti yake ya umeme. Baadhi ya mifumo hiyo, betri inaposhuka sana, hukosea wakati wa cheche, na kiki hurudi kama ilivyokuwa ikirudi kwa advansa iliyonasa. Betri na waya vichunguzwe kabla ya kuulaumu.

Kipimo cha nyuzi 38 kiliwekwa kwa petroli ya wakati ule. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi, madini yaliyotiwa kuzuia injini kugonga, kufikia mwanzoni mwa 2006, na ubora wa tunayoinunua leo hutofautiana kati ya kituo na kituo. T120 ina mgandamizo wa 9 kwa 1. Taa ikionyesha 38 sawasawa, na injini bado inagonga inapopanda ikiwa na mzigo, mimi huipunguza nyuzi moja au mbili kisha naijaribu tena kwenye mlima ule ule. Nguvu inayopotea haisikiki, na pistoni hupona.

Kisigino kipya cha pointi, yaani sehemu yake inayosugua kemu, hulika haraka katika kilomita mia chache za mwanzo, pengo likapungua na cheche ikachelewa taratibu bila mwenyewe kuhisi, kwa hiyo namwomba kila mteja arudi mapema nilipime tena. Kitambaa kinachopaka kemu mafuta kipewe matone mawili tu, kwa kuwa yakizidi hurukia pointi na kuziunguza. Ndani ya kifuniko cha pointi huandika kwa kalamu ya rangi safari ya advansa iliyomo, nyuzi nilizoziacha na pengo nililolipima, ili fundi atakayekifungua baada yangu ajue alichokikuta.